Sauti Niliyompa Mchawi wa Sinema

Mwaka wa 1944, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alikufa kwa homa ya mapafu katika shamba la mzungu kule Subukia, na taabu yangu ikaanza siku hiyo hiyo. Sheria ya shamba ilikuwa nyepesi kueleweka: nyumba ni ya mwenye kazi, na mwenye kazi akifa, nyumba nayo imekwisha. Mama alipewa siku saba. Tulitoka na sufuria mbili, jembe moja na kuku mmoja ambaye alikufa kabla hatujafika Nakuru. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la pili. Hayo ndiyo masomo yangu yote mpaka leo, na wale wanaopenda kuandika vyeo mbele ya majina yao waendelee, mimi sina neno nao.

Naandika haya kwa ajili ya vijana. Siku hizi sinema mnaitia mfukoni. Hamjui kwamba kulikuwa na wakati sinema ilikuja kwa lori, pamoja na mtu wa kuieleza. Mtu huyo katika sehemu za Nakuru nilikuwa mimi, Ezekieli, na hakuna aliyenishinda.

Nilianza mwaka wa 1951, siku ya Jumatatu. Kabla ya hapo nilikuwa nimevunja mawe, nimeosha masufuria ya hoteli, nimebeba magunia ya pareto. Ofisi ya magari ya sinema ilikuwa ua wa mabati wenye malori mawili ya kijani. Mkubwa wa ofisi alikuwa mzungu mrefu, mwenye masharubu yaliyokuwa yakiingia kwenye chai, tuliyemwita Bwana Sinema. Aliniuliza kama najua Kiingereza, nikasema ninakijua sana. Akaniambia kitu kirefu kwa Kiingereza. Nikajibu, "Yesa." Karani akainamia daftari lake akicheka, kumbe nilikuwa nimeulizwa kama mimi ni mwongo.

"Basi angalau umekiri," Bwana Sinema akasema kwa Kiswahili. "Utaosha lori."

Nikaosha lori. Niliosha mpaka chini ya injini ambako hakuna mtu aliyewahi kutazama, maana nilitaka Fundi Odera anione. Fundi Odera ndiye aliyekuwa dereva na mwendesha mashine, mtu wa Kano, mnene, mchache wa maneno, na mikono yake ilikuwa myepesi kama ya mshonaji. Alinifundisha kila kitu ninachojua. Kwanza jenereta, ile injini ndogo ya kutoa umeme, ambayo lazima iwekwe hatua hamsini kutoka kwa watu ili ngurumo yake isimeze maneno. Halafu shuka, yaani kitambaa cheupe cha kupokea picha, ambacho hufungwa kwa kamba nane na si sita, maana upepo wa Mau hauna adabu. Halafu projekta yenyewe, na mkanda wake uliozungushwa kwenye magurudumu ya bati tuliyoyaita rili. Mkanda ukikatika, unakwangua ncha mbili kwa wembe, unatia gundi, unabana, unahesabu pole pole hadi ishirini, unaendelea. Ukiharakisha, utakatika tena pale pale mbele ya watu mia tatu, nao watakupigia miluzi.

Kazi ya kuheshimiwa kuliko zote ilikuwa ya mfasiri. Mikanda yote ilisema Kiingereza. Basi sauti ya mkanda ilipunguzwa, na mfasiri akashika maikrofoni akasimama kando ya shuka, akisema yote kwa Kiswahili: daktari, mgonjwa, mwanamke anayechota maji, hata mbwa akibweka. Mwaka wa 1953 mfasiri wetu alipata kazi ya ukarani kwingine, akaondoka ghafla, na siku hiyo tulikuwa tunatarajiwa Dundori. Fundi alimwambia Bwana Sinema kwamba yule kijana wa kuosha lori anaijua mikanda yote kwa moyo. Ilikuwa kweli. Kiingereza sikukijua, lakini nilijua kila mtu kwenye mikanda ile anasema nini na anafungua mdomo wakati gani.

Bwana Sinema alinipa sentensi moja ya kukariri, akanisimamisha mbele ya meza yake niiseme mara kumi. Kila onyesho lianze nayo. Ilikuwa hivi: "Mtakayoyaona leo ni mambo ya kweli. Yametokea. Tazameni mkajifunze." Na kweli mikanda yetu ilikuwa ya namna hiyo: jinsi ya kuogesha ng'ombe kwenye josho, jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kukata matuta ili mvua isichukue udongo. Nilisema sentensi ile Dundori, nikaisema Mau Narok, nikaisema mashamba yote ya Subukia, mpaka ikawa inatoka yenyewe kama kikohozi.

Sasa niwaambie siri ya kazi yangu. Mkanda wa choo, hata uwe mzuri namna gani, unachosha. Kwa hiyo nikajitafutia ufundi wangu ambao hakunifundisha mtu. Tulikuwa tukifika shambani saa tisa mchana. Fundi akifunga shuka, mimi nilikuwa nikitembea kwenye laini za wafanyakazi, zile safu za nyumba zao, naketi wanapopima maziwa, nasikiliza. Kila shamba lina sauti moja ambayo wote wanaijua. Pengine ni karani mwenye kigugumizi cha majivuno, pengine ni mama muuza uji. Naishika ile sauti, na jioni namtia mtu wa kwenye shuka. Unaona mzungu anayechimba choo anaongea kama karani wenu, ataacha nani kucheka? Watu walikuwa wakilala chini kwa kicheko. Walitembea maili saba kuja kunisikiliza. Mimi, mtoto wa mtu aliyefukuzwa shambani akiwa maiti.

Mwaka wa 1955 ofisi ilipata mkanda wa namna nyingine. Ulikuwa wa kuchorwa na wa kuimba. Watu wake hawakuwa watu, walikuwa picha za rangi zilizochorwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, maelfu. Mashine ikizipitisha upesi, zinatembea na kucheza. Sikuamini mpaka Fundi alipoufungua mkanda mchana na kuuinua juani, nikaona yule mtu mmoja amechorwa mara nyingi, mguu ukipanda kidogo kidogo. Bwana Sinema alisema tuuonyeshe mwisho, baada ya mafundisho, kama sukari baada ya dawa.

Hadithi yake ilikuwa ya mfalme kijana aliyeachiwa kiti na baba yake, na mshauri wake ambaye ni mchawi. Mshauri huyo alikuwa na joho jeusi lenye mikono mirefu inayoburura chini, kidevu kama jembe, na kivuli chake kilikuwa kikitangulia mbele yake hata jua likiwa mbele. Alikuwa akimwinamia mfalme sikioni na kumnong'oneza. Akitaka kuangamiza kitu, hapigi, hachomi, anaimba. Wimbo wake ulikuwa mtamu, na hapo ndipo palikuwa na hatari. Aliimba kwenye zizi la mfalme, ndama wakalala chini mmoja mmoja. Rili zilikuwa tatu. Katika ya tatu, mfalme anaziba masikio kwa nta, wimbo unakosa pa kuingia, mchawi anakauka sauti na kuwa kama nguo iliyoanikwa, nao ndama wanainuka. Niliupenda mkanda ule. Nilitunga nyimbo zake zote kwa Kiswahili nikiosha lori.

Tukaupeleka Subukia, kwenye shamba la mzungu ambaye watu walimwita Bwana Makoti kwa sababu alivaa makoti mawili. Sio lile shamba letu la zamani, ni lingine, ng'ambo ya mto. Saa tisa nikaenda kutafuta sauti yangu. Nikamkuta nyapara, yaani msimamizi wa wafanyakazi, akisikiliza kesi ya wachungaji wawili penye banda la maziwa. Kando yake aliketi mzee mmoja aliyejifunika blanketi, Mzee arap Tonui, skwota wa siku nyingi, yaani mfanyakazi anayekaa na kufuga shambani kwa kibali cha mzungu, mjuzi wa mizizi na magonjwa ya mifugo. Kabla nyapara hajatoa neno lolote, alikuwa akimwinamia mzee, na mzee akimnong'oneza sikioni. Halafu mzee mwenyewe akasema mbele ya watu. Alisafisha koo mara mbili, akaanza chini kabisa, kwa puani, pole pole: "Eee. Sikizeni basi." Na kila sentensi aliimalizia juu, "si ndiyo?"

Nilisimama pale kama mtu aliyeokota kisu kizuri.

Jioni walikuja watu wengi. Nilisema sentensi yangu ya mambo ya kweli. Tukaonyesha josho, tukaonyesha choo, kisha bila kutia neno katikati, tukaweka wa kuchorwa. Mshauri alipotokea na kumwinamia mfalme, nikasafisha koo mara mbili. "Eee. Sikiza basi, mfalme. Mimi nakupenda, si ndiyo?" Kicheko kilichotoka, sijakisikia tena maishani. Nyapara mwenyewe alikuwa akijifuta machozi. Nami, niseme ukweli, nililewa. Mchawi alipofika zizini nikamwimbisha kwa sauti ile ile, kwa puani, na ndama wakalala. Sikuona kwamba kicheko kimepungua. Sikuona akina mama wakiwashika watoto na kuondoka.

Na ikatokea kwamba rili ya tatu hatukuionyesha. Zile zilikuwa siku za hali ya hatari, serikali ilipozuia watu kutembea usiku, na kibali chetu kilisema watu watawanyike saa tatu usiku. Mkanda wa josho ulikuwa umekatika mara mbili na kula muda wetu. Fundi akazima mashine mchawi akiwa bado amesimama zizini. Nikawaambia mwisho wataona siku nyingine.

Tukifungua kamba, Fundi alisema, "Leo hawakucheka mwisho."

"Wameguswa," nikamwambia.

Akapakia shuka kwenye lori.

Wiki tano hivi baadaye, nikiwa ofisini Nakuru naunga mkanda, karani aliniambia kuna mama mlangoni amekaa tangu asubuhi na hataki kusema shida yake. Nikatoka. Alikuwa mama wa makamo, ana vumbi hadi magotini. Alinitazama mdomo, hakunitazama macho.

"Wewe ndiye mwenye mdomo wa mume wangu?" akauliza.

Nikamuuliza mume wake ni nani.

"Arap Tonui. Nimekuja nione huo mdomo wenyewe. Nilidhani utakuwa mkubwa."

Nikamletea chai, hakuinywa. Akanieleza bila kupandisha sauti. Siku tisa baada ya sinema yetu, ndama wa shambani walianza kufa. Walivimba tezi chini ya masikio, wakatoa povu puani, wakalala. Kumi na mmoja. Watu wakasema, lakini si tumeonyeshwa? Gari lile halijawahi kutudanganya. Lilituonyesha josho, na josho lipo. Lilituonyesha choo, tukachimba, kuhara kukapungua. Likatuonyesha mtu anayemnong'oneza mkubwa sikioni na kuwaimbia ndama, na sauti tuliijua. Mfasiri alisema kwa kinywa chake ni mambo ya kweli. Basi mama huyu na wajukuu wake wakakatazwa mfereji wa maji. Hakuna aliyempa moto. Wafanyakazi wakamwendea Bwana Makoti, wakamwambia hawatakamua mpaka mchawi aondoke, na Bwana Makoti, ili maziwa yasimwagike, akampa mzee hadi mwisho wa mwezi. Nyumba, ng'ombe, kila kitu kitoke. Alikuwa amekaa shamba lile miaka ishirini na sita.

"Na yeye anasemaje?" nikauliza.

"Hasemi. Akifungua mdomo watu wanakimbia. Atasema na nani?"

Nilikwenda kwa Bwana Sinema hapo hapo. Nilimwomba lori na rili ya tatu. Alinisikiliza vizuri, halafu akafungua ratiba. Alisema mashamba ya Subukia yamekwisha kwa robo ile ya mwaka, lori linakwenda Mau Narok, na mambo ya uchawi ni ya mkuu wa wilaya. "Ofisi haiwezi kuomba msamaha kwa sababu ya katuni, Ezekieli." Hakuwa mtu mbaya. Kwake ilikuwa picha ya watoto. Lakini mimi nilijua mzee atafunga mzigo gani, na kamba itakatikia wapi njiani.

Nikamwambia Fundi. Alikuwa anakula muhogo. Alimaliza, akajifuta mikono. "Mau Narok ni Alhamisi," akasema. "Gari hili likiharibika njiani siku moja, litaharibikia upande gani? Mimi nadhani litaharibikia Subukia."

Tulifika Jumatano, saa nne asubuhi. Nilikwenda kwanza kwa mzee. Nyumba yake ilikuwa imefungwa mzigo nusu. Alikuwa ameketi juu ya kigoda nje, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ndiye yule mfasiri wa sinema.

Kisha akasema, "Hebu fanya."

"Nifanye nini, mzee?"

"Mimi. Nifanye. Kila mtu amenisikia isipokuwa mwenyewe. Siku ile nililala mapema."

Kijana, sijawahi kuona haya kama siku hiyo. Nikasafisha koo mara mbili. Nikasema, "Eee. Sikizeni basi. Mvua ya mwaka huu itachelewa, si ndiyo?" Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Mke wake alisimama mlangoni.

"Ndivyo ninavyosema?"

"Ndiyo, mzee."

"Kumbe nachosha," akasema. Mke wake akaingia ndani haraka, na nikasikia kama anacheka, au analia, sikujua.

Nikamwambia ninataka kuonyesha mkanda tena, wote, na kusema mbele ya watu nilivyofanya. Nikamwomba aje. Akajibu kwamba atakuja kwa sababu hana pengine pa kwenda siku hiyo.

Mchana Fundi aliufungua mkanda kwenye uwanja wa kupimia maziwa, akawaita nyapara na wazee waushike wenyewe juani. Wengi walikataa kuugusa. Wawili watatu waliushika, wakaona mchawi mdogo kama punje ya mahindi, amechorwa mara nyingi, haendi popote. Mmoja aliulamba kidogo. Akasema una ladha ya rangi. Hilo lilisaidia zaidi ya maneno yangu yote.

Jioni, kabla ya mashine kuwashwa, nilishika maikrofoni. Bwana Makoti mwenyewe alikuja, akaketi nyuma kwenye kiti cha turubai. Nilisema hivi, nakumbuka kila neno: "Mimi naitwa Ezekieli. Siku ile niliwaambia mambo ya kweli, na halafu nikawaonyesha picha za kuchorwa. Nilikosa. Mchawi huyu hayupo popote duniani. Sauti yake niliiba hapa, kwa mzee ambaye hakunikosea lolote, ili mcheke. Leo mchawi atasema kwa sauti yangu, na jina lake ni Ezekieli."

Hakuna aliyecheka. Tukaanza. Nilimtia mchawi sauti yangu hii hii, ya kawaida, ya mtu wa Maragoli aliyekulia kwa wengine, na nilipoimba zizini niliimba vibaya. Tukaweka rili ya tatu. Mfalme akaziba masikio, mchawi akakauka, ndama wakainuka mmoja mmoja wakitikisa masikio. Watoto wakapiga makofi.

Ndipo aliposimama mama mmoja, Mama Nafula, mkamuaji. Alikuwa amefiwa na ndama wake wa pekee.

"Wewe Ezekieli," akasema. "Wale wa kwenye nguo wameinuka. Wangu mbona hajainuka?"

Kwenye kazi ile nilizoea kuwa na jibu kabla ya swali. Nikasema, "Mama, wale walichorwa. Wako alikuwa ndama."

"Basi nani alimuua?"

Sikujua, na nikamwambia sijui. Halafu nyapara akainuka. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kuamrisha, lakini alianza kuongea akiangalia viatu vyake.

"Mzee aliniambia mapema," akasema. "Aliniambia nisipeleke ndama malisho ya chini, kule kwenye majani marefu, maana kupe wa kule wana ndigana, ile homa ya kuvimbisha tezi. Majani ya juu yalikuwa yamekauka. Nikapeleka. Watu waliposema ni uchawi, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ya kazi yangu."

Watu wote wakageuka kumtazama Bwana Makoti. Yeye alikuwa akiongea kile Kiswahili cha jikoni cha wazungu. Aliinuka na makoti yake mawili, akasema, "Mimi nasema siku mingi, hii iko kupe. Hapana chawi. Mimi hapana amini chawi. Mimi taka kamua ngombe tu." Kisha akamwambia nyapara, "Wewe na mimi taongea kesho," na akamgeukia mzee, "Tonui, wewe kaa."

Hivyo tu. Miaka ishirini na sita iliondolewa kwa neno moja na ikarudishwa kwa neno moja. Mama Nafula ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda mahali alipoketi mke wa mzee. Alimpa kijinga cha moto kutoka kwenye moto wa laini akipeleke nyumbani. Nyapara hakufukuzwa, alikatwa cheo akawa mtu wa josho, na nasikia alilisimamia vizuri kuliko yeyote.

Mimi Bwana Sinema aliniita Ijumaa. "Nani alikupa ruhusa?" Nikamwambia hakuna. "Lori liliharibika?" Nikamwambia halikuharibika. Fundi, aliyekuwa amesimama kando yangu, akakohoa kwa sababu yeye alikuwa ameshaandika kwamba liliharibika. Bwana Sinema alitutazama sana. Alininyang'anya maikrofoni mwaka mzima, nikarudi kuosha lori na kuunga mikanda, na wakati huo watu walimsikiliza mfasiri mwingine ambaye, nisifiche, alikuwa kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Lakini ile sentensi ya mambo ya kweli ilibadilishwa. Kabla ya picha za kuchorwa mfasiri alitakiwa kusema: "Hii ni hadithi, imechorwa na watu." Karatasi yake ilibandikwa ndani ya kila lori, na iliandikwa na Bwana Sinema kwa mkono wake.

Nilirudi kumwona mzee mwishoni mwa mwaka ule. Mke wake alinipa maziwa ya kibuyu. Mfereji ulikuwa umefunguliwa, wajukuu wanacheza na wenzao, ng'ombe wapo. Nikadhani mambo yamekwisha, nikaanza kujipongeza moyoni. Kisha nikapita banda la maziwa. Nyapara mpya alikuwa akisikiliza kesi, na kando yake hapakuwa na mtu. Watu walimwamkia mzee vizuri, walimpa moto na maji, lakini hakuna aliyetaka tena kunong'onezwa naye. Picha ile ilikuwa imekaa vichwani. Hata aliyejua ni rangi tu, aliona afadhali asiinamiwe sikioni.

Nilimwambia mzee kwamba nimeona. Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi.

"Nyumba umenirudishia," akasema. "Sauti kaa nayo. Mimi sina tena pa kuitumia."

Alifariki miaka michache kabla ya uhuru, katika nyumba ile ile. Nilikuwa Mau Narok siku hiyo, nikapata habari wiki mbili baadaye.

Maikrofoni nilirudishiwa. Nilifasiri mpaka 1961, nikajifunza projekta kwa ukamilifu, nikawa fundi wa gari la pili. Baada ya uhuru Bwana Sinema aliondoka, akaja mkubwa Mwafrika, mtu wa vyeti, aliyeniuliza nilisoma chuo gani. Nikamwambia nilisomea chini ya lori. Hata hivyo alinifanya msimamizi wa magari yote ya eneo letu, kwa sababu lilipokwama gari lolote ni mimi niliyeitwa. Nilistaafu mwaka wa 1988, wakati video zilipokuwa zimeingia hadi kwenye vibanda vya chai na hakuna aliyehitaji kuelezwa kitu. Sikuinunia hali hiyo. Kila kazi ina siku zake.

Vijana wananiuliza kama naona fahari. Naona sana. Nilichekesha watu waliokuwa na sababu chache za kucheka. Lakini anayeshika maikrofoni nawaambia hivi: ukiazima sauti ya mtu, ujue unaazima na watu wanaomsikiliza, na hao huwezi kuwarudisha wote. Mimi nilijaribu, nikarudisha nusu.

Leo nina ekari tatu na nusu Dundori, zenye viazi na majani ya ng'ombe. Nina ng'ombe wanne, wawili wanakamuliwa. Nina nyumba ya mawe yenye vyumba vitano, tangi la maji ya mvua, baiskeli, redio, na projekta moja ya zamani ambayo bado inawaka. Nina mke, watoto sita na wajukuu kumi na tisa. Wajukuu wakija likizo huniomba niwaigizie yule mchawi wa sinema. Huwa nawaigizia, kwa sauti yangu.